Nilicheka Getini

Wanawake wa milimani kwetu wakiteremka mjini kutibiwa kifua hunitafuta. Wanataka niwaeleze nilivyopona korona mwaka ule ambao wengi hawakupona. Huwa nawaeleza habari za kujifukiza, za mtungi wa oksijeni, za uji uliokuwa ukinishinda kumeza. Wanashukuru, wanakwenda zao. Nusu ya pili sikuwa nawaambia, na nadhani hiyo ndiyo yenye faida zaidi kwa mtu anayeugua mbali na kwao. Naiandika hapa. Hospitali sitaitaja jina, kwa sababu kosa ninalolieleza ni langu.

Naitwa Rehema. Kwetu ni Umatumbi, milimani, bara ya Kilwa. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la sita. Mdogo wangu Tausi alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Matanga yalipokwisha nilirudisha vitabu vya shule kwa mwalimu, nikashika jembe. Tausi nimemlea mimi. Nimemsuka nywele, nimemuuguza surua, nimemsimamia mpaka akamaliza shule ambayo mimi sikuimaliza. Alipokuwa mkubwa wa kutosha kukaa kwa mjomba wetu, niliteremka pwani kufanya kibarua cha chumvi.

Kazi ya chumvi ni ya miezi isiyo na mvua. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha, sisi tunakwangua chumvi na kuibeba kichwani. Vibarua karibu wote ni watu wa milimani. Tulilala kambini, kwenye vibanda vya makuti, mikeka ikigusana. Mwenyeji wa mjini mwenye namna nyingine ya kupata riziki haji pale.

Baada ya miaka kadhaa nilitoka kambini nikapanga chumba mjini kwa mjane mmoja, Bi Mwanahawa. Kwake nilijifunza kufunga ushungi kama wao na kuzungumza bila haraka kama wao, hata wageni wakanidhani mwanawe. Yeye alijua ninakotoka na hakuacha kunitania.

"Mmatumbi wangu, umeamka?" husema asubuhi. "Panya wa mboga leo hakuna, vumilia."

"Shikamoo, bibi. Si kitu. Nyinyi watu wa pwani mkipata dagaa mmoja mnashinda mnamwamkia, mimi nitakula nini hapa?"

"Marahaba! Toka, mshamba wewe!"

Tulicheka. Pwani na milima tunataniana tangu enzi za mababu, na utani wa namna hiyo haumkati mtu. Ulianza kukata mwaka wa ugonjwa.

Kipupwe cha mwaka ule Tausi alikuja kufanya kazi nami. Chumba changu kilikuwa kidogo, akalala kambini, akiangaliwa na Mzee Selemani, mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa mpishi wa vibarua. Haukupita mwezi, kambi ikaanza kukohoa. Mjini wakasema ugonjwa umeletwa na watu wa juu, maana hawanawi. Muuza duka akawa anatuwekea vitu vyetu juu ya jiwe nje ya duka, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua. Hakuna aliyeuliza kwa nini ugonjwa ukapenda mahali ambapo watu kumi wanagawana pumzi ya kibanda kimoja, na maji ya kunawa yanabebwa kwa ndoo kutoka mbali.

Mimi nilijua nimeugua siku niliyolamba kidole kazini nisione chumvi. Nililamba tena. Nikachota punje nikaitafuna, ikawa kama natafuna kijiwe. Nilisimama katikati ya jaruba, weupe kila upande, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Bi Mwanahawa alinipikia nyungu, mwarobaini na mchaichai na maganda ya ndimu, nikajifunika blanketi nikavuta mvuke mpaka macho yakavimba. Ulinipa nafuu ya saa moja moja. Siku ya nne nilikuwa siwezi kumaliza sentensi. Nikisema neno napumzika, nasema jingine. Kucha zilikuwa za rangi ya jivu.

Asubuhi ya siku ya tano Tausi alifika kutoka kambini akiwa amemshika mkono Mzee Selemani. Wote wawili walikuwa na homa. Mzee alikuwa hoi, ila alijikaza kunitania. "Rehema, umekuwa mweupe. Chumvi imekuingia sasa." Tukakubaliana twende hospitali pamoja.

Bi Mwanahawa akanivuta ndani. Akanivalisha baibui lake la Ijumaa.

"Ukiulizwa, wewe ni mwanangu. Wakijua wa juu watakuweka nje ya geti, turubaini, mpaka jua lizame. Jana wamewakalisha wenzenu pale kutwa nzima."

"Na Tausi?"

"Tausi akifungua kinywa tu watajua. Ingia wewe kwanza uliye taabani. Ukishaandikwa, unamwita. Hata mzee unamwita. Utakuwa ndani, watakusikiliza."

Lilikuwa shauri la mtu anayenipenda, na nililiona lina akili. Nalieleza hivi ili usidhani nilitoka nyumbani nimekusudia ubaya.

Getini alikuwapo mlinzi mmoja, barakoa iko kidevuni, mcheshi. Hakuna daktari aliyemwagiza atenge watu. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye na daktari mwenyewe, aliyesikitika. Mlinzi alitenga tu, kwa kusikiliza watu wanavyozungumza.

"Wa wapi, dada?"

"Wa hapa hapa," nikasema. Nikapumua. "Kwa Bi Mwanahawa."

"Ala, mtu wa nyumbani! Pita ndani, pita."

Nyuma yangu Tausi, akimkokota mzee, aliniita. "Dada, ningoje." Alisema kwa Kimatumbi, lugha tuliyozungumza tangu alipojua kusema.

Mlinzi akageuka. "Na hawa? Mko pamoja? Maana sikujua Bi Mwanahawa siku hizi anafuga ngedere."

Nikacheka.

Sikuwa na pumzi ya kupanda ngazi mbili zilizokuwa mbele yangu, lakini pumzi ya kucheka niliipata. Nikacheka vizuri, kwa kicheko cha mjini, mkono mdomoni. Nikasema, "Afuge wapi! Hao wa kambini. Tumefuatana njiani tu."

Tausi hakulia wala hakuniita tena. Alinitazama kwa muda wa kupumua mara moja, kisha akamshika mzee vizuri zaidi, akamgeuza taratibu kuelekea turubaini, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa.

Ndani walinibana kidole kwa kale kamashine ka kupimia oksijeni, nesi akatazama namba akaanza kukimbia. Siku hiyo mtungi uliokuwa wazi ulikuwa mmoja. Nikaulizwa jina nikiwa nimelazwa tayari. Nikajitaja mimi ni Rehema, nikataja jina la marehemu mume wa Bi Mwanahawa kuwa la baba yangu, na mtaa wake kuwa kwetu. Yakaandikwa. Baba yangu mzazi, aliyenibeba mabegani kupanda milima, sikumtaja.

Nilipopata hewa ya kutosha nilimshika nesi nguo. "Nje kuna—"

"Nje kuna wengi, mama. Usiseme. Wewe pumua tu."

Alikuwa ananihurumia. Nami nililikubali katazo lile haraka sana, na hadi leo najua ni kwa sababu gani. Ningesema Tausi ni mdogo wangu, ningeulizwa mimi ni nani. Nilisingizia pumzi.

Wodini siku hazina majina. Nilizihesabu kwa mtungi kubadilishwa. Walinilaza kifudifudi, shavu kwenye shuka lenye harufu ya dawa ya sakafu, na hivyo ndivyo nilivyopumua vizuri kuliko namna yoyote. Ukiambiwa ulale hivyo, usibishe. Mama wa kitanda cha pili alikuwa akinong'ona kasida asubuhi mpaka sauti ikamwishia, halafu akawa anazigonga kwa kidole kwenye chuma cha kitanda, nami nikawa nazijua kwa mdundo wake. Siku moja vidole viliacha kugonga. Nesi mwingine, kijana, alinipaka mafuta midomoni bila kuombwa, kila zamu. Ningempa nini? Nilimwacha aniite kwa jina la baba asiye wangu.

Siku ya tatu Bi Mwanahawa alikuja dirishani na uji.

"Turubaini hawapo," akasema polepole. "Waliambiwa walete barua ya mwenyekiti wa kijiji chao ndipo waandikwe. Mzee alikuwa anazidiwa. Tausi akampakia kwenye lori la mbao lililokuwa linapanda, akaondoka naye."

"Na homa yake?"

"Na homa yake."

Uji ule niliunywa wote. Hilo pia naliandika.

Nilitoka siku ya tisa. Habari zilinisubiri: Mzee Selemani alifia nyumbani kwake siku ya pili baada ya kufika. Tausi alimwosha miguu, akamlisha, akamshikia kichwa, kisha akaanguka yeye. Baadaye nilisikia kuwa aliugua wiki tatu ndani ya kibanda, mke wa mjomba akimwekea maji mlangoni. Zahanati ya kule haikuwa na mtungi, na mganga wake alikuwa mmoja kwa vijiji vitatu.

Mimi nilikuwa na mtaa mzima unaniuguza. Wiki hiyo hiyo watu wa afya walikuja nyumbani kwa Bi Mwanahawa kwa sababu anwani yangu iliwaleta. Walileta sabuni na ndoo za koki, wakawafundisha majirani, wakawapima waliokuwa wanakohoa. Wakaniuliza nimekaa karibu na nani. Niliwataja watu wa mtaani. Kambi sikuitaja, maana wangeuliza nilikuwa naendea nini huko. Kwa hiyo kambini hakwenda mtu, na wenzangu waliendelea kukohoa kwenye mikeka inayogusana. Katika daftari la hospitali kambi haikuugua, na milima haikuugua. Sikuwa peke yangu niliyejiandikisha hivyo. Nimekuja kuwajua wengine wanne. Chanjo zilipokuja, zilianza palipoonekana pana wagonjwa. Kijijini kwetu gari lilifika baada ya miezi, wakati watu wote wamehamia mashambani kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Likakuta kuku na wazee wawili, likageuza.

Nywele zilinitoka kwa mafungu. Nikichana, nakunja kifungu nakificha chini ya godoro, sijui nilikuwa namficha nani. Kutoka chumbani hadi kisimani nilipumzika mara tatu. Nilipopata nguvu ya kupanda gari, nilikwenda nyumbani kwenye arobaini ya mzee.

Tausi alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama ya mtoto. Alinipokea mzigo. "Karibu, dada." Nikamshika, akakubali kushikwa, lakini mikono yake ilibaki chini.

Baada ya chakula mjomba alianza kusema mbele ya watu. "Tunamshukuru Mungu kwa Rehema. Mtoto huyu amemlea mdogo wake bila baba wala mama. Na wewe Tausi, sikiliza leo. Dada yako amelazwa, hajui kama atapona, wewe unaogopa hospitali unapanda lori! Ungemkosa, ungesema nini?"

Tausi aliinamisha kichwa. Nilingoja aseme. Yeye, nadhani, alikuwa anangoja mimi. Nikachukua kikombe nikanywa maji. Asubuhi nikateremka pwani, na kijiji kikabaki kinamwita Tausi mwoga aliyemkimbia mlezi wake. Niliacha iwe hivyo kipupwe kikapita, msimu wa korosho ukapita, vuli zikapita.

Masika ziliponyesha alikuja mtu akasema Tausi hawezi kutwanga. Akitwanga mara tano anakaa chini. Anakohoa tangu ugonjwa ule, na hataki kusikia neno hospitali. Bi Mwanahawa aliposikia akasema, "Shauri lilikuwa langu, mwanangu. Mwambie ni mimi."

"Uongo ulikuwa wako, bibi," nikamwambia. "Kicheko kilikuwa changu."

Nilimkuta Tausi anapepeta mchele barazani. Niliketi. Nikasema maneno niliyoyapanga njiani: kifua hakichezewi, kuna daktari mzuri, nitakuwa naye kila hatua.

"Kila hatua," akasema, akiendelea kupepeta.

"Tausi. Siku ile—"

"Nilijua mpango wenu. Bi Mwanahawa ana sauti kubwa, nilikuwa ukumbini. Sikukasirika. Nilimwambia mzee, dada akishaandikwa atatuita." Akapuliza pumba. "Hata uliposema tumefuatana njiani tu, nikasema hayo ni maneno, anatafuta nafasi. Ila ulicheka, dada. Nani alikuagiza ucheke?"

Nikaanza kuokota punje zilizoanguka barazani.

"Mzee naye alisikia," akasema. "Kwenye lori aliniuliza, 'Kwani Rehema alikuwa anacheka nini?' Nikamdanganya. Nikamwambia mlinzi alianguka."

Akaanza kukohoa. Alikohoa muda mrefu, ungo umemlalia magotini, mchele unamwagika. Nilinyoosha mkono kumpiga mgongo, akaukwepa.

Alipopata sauti alisema, "Nitateremka. Siku utakayowaambia hapa kwamba sikukimbia, ndiyo nitakayoteremka. Kabla ya hapo nitakohoa hapa hapa."

Hitima ya mwaka ya Mzee Selemani ilikuwa majuma mawili mbele. Asiyezijua desturi zetu afahamu hivi: kwenye misiba yetu watani huja, nao Wangindo ndio watani wetu wa misibani. Wao wana ruhusa ambayo wafiwa hawana. Humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huficha masufuria, hukaa njiani kuzuia watu mpaka wapewe kitu. Hucheka hata mbele ya jeneza, na hakuna wa kukasirika. Siku ile mtani mmoja, mama mnene mwenye mwiko, alikuwa anamwigiza mzee anavyoonja mchuzi wa kambini. "Bado chumvi! Bado chumvi! Jamani, majaruba yote haya, na bado chumvi!" Hata mjane wa mzee alicheka mpaka akajifuta machozi.

Dua ilipokwisha, kabla sinia hazijatolewa, nilimwomba mjomba ruhusa niseme. Akafurahi, akadhani nataka kushukuru. Wanaume walikuwa barazani, sisi uani, mlango uko wazi. Nilisema kwa sauti ya kufika pande zote.

Nilisema Tausi hakukimbia hospitali. Alizuiwa getini kwa kuwa ni Mmatumbi, na mimi nilipita kwa kuwa nilijikana. Nilisema aliniita kwa lugha yetu, na mtu akamwita ngedere, nami nikacheka. Nilisema mzee wao alisikia kicheko hicho. Nilisema mtungi ule ulikuwa mmoja, nami ndiye niliyeupata, nikaishi mwaka mzima nikipongezwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa watani. Njia nzima nilijiambia watanivamia, wataniigiza kicheko changu, nitapakwa unga na masizi, na kwa namna fulani nitakuwa nimelipa. Nilimtazama yule mama wa mwiko. Alifungua kinywa. Akakifunga. Akauweka mwiko chini pembeni ya sufuria, polepole, usitoe sauti. Watu ambao hucheka mbele ya maiti walikosa la kunichekea.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitazama mimi. Alimtazama Tausi, akasema, "Mwanangu," basi.

Aliyezungumza nami ni Tausi, kutoka penye masufuria. "Dada, kaa chini. Wali unapoa."

Nikakaa. Alileta sinia akaniwekea mbele, akanimiminia maji ya kunawa, kisha akaenda kula upande wa pili na watoto.

Jumatatu tuliteremka. Aliandikwa jina lake na la baba, kijiji na kitongoji. Picha ilionyesha makovu mapafuni. Akapewa dawa na mazoezi ya kupumua, na sasa anatwanga kinu kizima, akipumzika mara moja. Mimi niliomba jina langu lisahihishwe katika daftari la mwaka ule. Nesi alisema lilikwisha pelekwa stoo. Akaniandikia kadi mpya.

Wewe unayesoma ukiwa unaugua ugenini, sema unakotoka hata kama wataguna. Usiposema, watu wako watahesabiwa kuwa wazima, na hakuna gari litakalowafuata. Wakidai barua, mwombe nesi wa zamu atoke nje akuone kwa macho yake. Na ukienda na mwenzako, mshike mkono kabla hujafika getini, kwa kuwa ukifika pale hutajua utakuwa nani. Mimi nilidhani najijua.

Tausi anakaa nami mjini siku za kliniki. Tunapika, tunakula, tunalala chumba kimoja. Mbele za watu ananiita dada. Tukiwa wawili tu, hajapata bado jina la kuniita. Akinihitaji huja akasimama mbele yangu mpaka nimwone. Namngoja.